Mgonjwa Asiye na Jina

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu mtu aliyelazwa hospitalini. Macho yake yamefumba. Haongei. Ukimwita, haitiki. Ameletwa na askari wa jeshi katika gari lao. Askari hawamjui. Wauguzi hawamjui. Mfukoni hana barua wala kitambulisho. Katika daftari la mapokezi, mahali pa kuandika jina, muuguzi anaandika hivi: "Hajulikani. Mwanamume. Mtu mzima."

Watu wakisikia habari ya namna hiyo huanza kunong'ona. Mmoja husema huyo ni jambazi. Mwingine husema ni jasusi. Wa tatu husema amerogwa, na kwamba hospitali haiwezi kitu. Maneno hayo yote hayamsaidii mgonjwa. Sisi tutazame jinsi mambo yanavyokuwa kweli, kwa sababu mgonjwa huyo anaweza kuwa ndugu yako, au wewe mwenyewe.

MABOMU YA MBAGALA

Mbagala iko kusini mwa jiji la Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Kilwa, katika Wilaya ya Temeke. Hapo Mbagala Kizuiani pana kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na katika kambi hiyo palikuwa na maghala ya mabomu na risasi. Jumatano tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya saa sita mchana, mabomu yalianza kulipuka. Yaliruka mbali na kuangukia nyumba za watu. Saa hiyo wazazi wengi walikuwa kazini au sokoni, na watoto walikuwa shuleni. Kila mtu alikimbia upande wake. Wengine walikimbilia Mto Kizinga, na wapo waliozama walipojaribu kuvuka.

Watu zaidi ya 20 walikufa, raia na askari. Mamia waliumia. Maelfu ya nyumba ziliharibika.

Haikupita miaka 2, jambo hilo likatokea tena. Safari hii ilikuwa Gongo la Mboto, upande wa Ilala, usiku wa tarehe 16 Februari 2011. Watu zaidi ya 20 walikufa tena. Maelfu walikimbia nyumba zao gizani, wakaenda kulala katika Uwanja wa Uhuru. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Chama cha Msalaba Mwekundu kilifanya kazi kubwa ya kuwaandikisha watoto na kuwatafutia wazazi.

Majeruhi wa siku hizo walipelekwa Hospitali ya Temeke, Hospitali ya Amana na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Siku kama hiyo hakuna anayekaa kungoja gari la wagonjwa. Mtu hubebwa na yeyote mwenye gari: jirani, dereva wa daladala, polisi au mwanajeshi. Askari anamwokota mtu kando ya njia, anampakia, anamfikisha hospitalini, kisha anageuza gari kwenda kuwachukua wengine. Basi ukisikia kwamba mgonjwa asiyejulikana ameletwa na jeshi, usidhani lazima pana siri. Mara nyingi ni kwamba gari la jeshi ndilo lililokuwa karibu.

HANA JERAHA, LAKINI HAAMKI

Jambo linalowashangaza watu wengi ni hili. Mgonjwa mwingine hana hata mchubuko, lakini haamki. Imekuwaje?

Bomu linapolipuka husukuma hewa kwa nguvu kubwa mno. Hewa hiyo humpiga mtu kama ukuta unaotembea. Inaweza kupasua ngoma ya sikio. Inaweza kuumiza mapafu, na kwa nje usione kitu. Tena inaweza kumnyanyua mtu na kumbwaga chini, ubongo ukatikisika ndani ya fuvu.

Fuvu ni gumu kama kifuu cha nazi. Hiyo ni kinga nzuri, lakini ina hatari yake. Mshipa ukipasuka ndani, damu haina mahali pa kutokea. Inajikusanya na kuukandamiza ubongo. Ndiyo maana mtu aliyepigwa kichwani anaweza kuinuka, akatembea, akaongea vizuri na kusema yuko salama. Baada ya saa kadhaa kichwa kinamuuma zaidi, anatapika, anaanza kusinzia, kisha haamki. Watu wa nyumbani husema, "Mwacheni apumzike, amechoka." Hapo ndipo watu hufia usingizini. Aliyepigwa kichwani akianza kutapika au kusinzia ovyo, mpelekeni hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku wa manane.

Damu kama hiyo hutolewa kwa kupasuliwa kichwa. Kwa Dar es Salaam, kazi hiyo hufanywa hasa katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Jina linataja mifupa tu, lakini wanatibu ubongo na uti wa mgongo pia.

Hata hivyo, daktari mwenye busara hakubali haraka kwamba kila anayeletwa siku ya mabomu ameumizwa na bomu. Labda huyu ana kisukari. Alidunga sindano yake asubuhi, akakimbia kabla hajala, sukari ikashuka mno. Labda ana kifafa. Labda ni malaria kali iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, au kiharusi. Kwa sababu hiyo, jambo mojawapo la kwanza analofanya ni kuchukua tone la damu kidoleni na kupima sukari. Kipimo hicho ni cha dakika moja. Ikiwa sukari ndiyo iliyoshuka, mgonjwa huwekewa maji ya sukari kwenye mshipa, na huweza kufumbua macho na kutaja jina lake papo hapo. Siri yote imekwisha!

MAKSI ZA FAHAMU

Kuzimia ni kupotewa na fahamu kwa muda mfupi, kisha mtu akazinduka. Huyu wetu hakuzimia tu. Amepoteza fahamu kwa muda mrefu. Madaktari hujuaje kama hali yake inapata nafuu au inazidi kuwa mbaya?

Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow, nchini Uskoti, walitunga njia ya kupima fahamu. Majina yao ni Graham Teasdale na Bryan Jennett. Njia hiyo haihitaji mashine, na sasa hutumika karibu dunia nzima. Mgonjwa hupewa maksi, kama mwanafunzi. Hutazamwa mambo matatu: macho, maneno, na mwendo wa mikono na miguu. Macho yana maksi 4, maneno 5, mwendo 6. Mtu mzima wa afya, kama wewe unayesoma hapa, anapata zote 15. Mgonjwa aliye chini kabisa anapata 3, kwa maana kila sehemu huanzia 1. Hakuna anayepata sifuri.

Haya, tufanye hesabu. Mgonjwa wetu anafumbua macho akifinywa tu: maksi 2. Anaguna, lakini hatoi neno: maksi 2. Ukimfinya mkono, anauvuta: maksi 4. Jumla ni 8. Mwenye 8 au chini ya hapo yuko katika hatari kubwa. Anaweza hata kupaliwa na mate yake mwenyewe, akashindwa kupumua. Kesho yake anafumbua macho akiitwa: maksi 3. Anaongea, ila anachanganya mambo: maksi 4. Ukimfinya, mkono wake unakuja kuuondoa wako: maksi 5. Jumlisha mwenyewe. Kama umepata 12, umeona jinsi muuguzi anavyojua kwamba mgonjwa anarudi kwetu.

MASWALI KWA ALIYEMLETA

Aliyemleta mgonjwa asiondoke upesi mno. Mgonjwa hawezi kusema, kwa hiyo aliyemleta ndiye mdomo wake. Ataulizwa: Ulimkuta wapi? Saa ngapi? Alikuwa amelalaje? Je, alitapika? Alitikisika kama mwenye degedege? Palikuwa na moshi, chupa ya dawa, pikipiki iliyoanguka? Je, njiani alisema neno lolote?

Askari ana amri zake, na yapo mambo ya kambini asiyoweza kuyaeleza. Hilo tunalielewa. Lakini mahali alipomwokota mgonjwa si siri ya jeshi. Bila habari hiyo daktari anafanya kazi gizani, na ndugu wa mgonjwa hawatajua waanzie wapi kumtafuta.

Upo pia utaratibu wa fomu ya polisi, inayoitwa PF3. Fomu hiyo hutolewa kituo cha polisi kwa mtu aliyejeruhiwa. Ina kazi yake, hasa mambo yakifika mahakamani. Lakini mtu anayekata roho hapaswi kungoja karatasi. Atibiwe kwanza, fomu ifuate.

Na je, kama ni wewe uliyemkuta huyo mtu njiani, kabla gari halijapatikana? Tazama kwanza kama anapumua. Ikiwa anapumua, mlaze ubavu, mdomo uelekee chini kidogo, ili matapishi na mate yatoke. Usimpe maji, uji, maziwa wala dawa yoyote mdomoni. Asiye na fahamu hamezi. Maji hayo yataingia mapafuni. Usimtie kijiko menoni. Usimpige makofi wala kumwagia maji ya baridi. Kama ameanguka kutoka juu au amerushwa na mlipuko, huenda shingo imevunjika. Basi msimkunje wala kumburuta. Tafuteni watu wanne, mmoja ashike kichwa na shingo visiyumbe, mumlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kisha mumbebe. Ndiyo, mlango. Mlango hununuliwa tena.

JINA LINATAFUTWA

Sasa tumefika kwenye jambo linalotuhusu zaidi sisi wa darasa la kisomo.

Kwa nini hospitali inahangaika na jina? Je, dawa haziingii mwilini bila jina? Zinaingia. Hata damu hutolewa bila jina, kwa kuwa kundi la damu hupimwa. Lakini bila jina hakuna anayejua kama mgonjwa ana kisukari, kama anatumia dawa za kila siku ambazo hazifai kukatizwa, au kama kuna dawa inayomdhuru. Hakuna wa kuulizwa. Hakuna wa kukaa naye. Na akifa, hakuna wa kumwosha na kumzika kwa desturi za kwao. Maiti isiyo na mwenyewe huzikwa na serikali, na nyumbani wataendelea kumngoja mtu ambaye hatarudi.

Muuguzi huanza na nguo. Hupekua mifuko mbele ya mwenzake, na kila kitu huandikwa: fedha kiasi gani, funguo ngapi, tiketi ya basi la wapi. Kisha hutazama mwili: kovu, chanjo, jino lililong'oka, kidole kilichokatika. Siku hizi simu ya mkononi husaidia sana. Hata kama imefungwa kwa namba ya siri, ikiita inaweza kupokewa. Zipo pia alama za vidole, kwa maana watu wengi walichukuliwa alama hizo walipojiandikisha kupata kitambulisho cha taifa. Mwaka 2009, Mbagala ilipopata msiba wake, vitambulisho hivyo vilikuwa havijaanza kutolewa. Lakini kuzitafuta alama ni kazi ya vyombo vya serikali, na huchukua muda. Karatasi ndogo mfukoni ni ya haraka zaidi.

Tuna desturi moja nzuri ambayo siku ya shida hutupa taabu. Tunaitana Mama Asha, Baba Juma, Babu, Fundi, Mjomba. Ni heshima. Lakini jirani unaweza kukaa naye miaka 10 Tandika au Mbagala, mkaazimana chumvi na kuzikana, usijue jina alilopewa na wazazi wake. Siku anapotea, unakwenda hospitalini kuuliza, "Baba Juma yuko hapa?" Karani anatazama daftari. Baba Juma hayumo. Pengine yumo, ila kwa jina ambalo hulijui. Pengine yuko kitanda cha tatu kutoka mlangoni, ameandikwa "Hajulikani".

Watoto ndio wenye shida zaidi. Mtoto wa miaka 4 ukimwuliza jina la mama yake, husema "Mama". Ukimwuliza anakaa wapi, husema "Nyumbani". Mfundishe mtoto wako majina yake yote, majina yako wewe, na mtaa wenu. Imfundishe kinywa chake kama anavyofundishwa wimbo.

Na wewe, ndugu msomaji, ulipoanza kisomo huenda ulijiuliza kitakufaa nini katika umri wako. Chukua kipande cha karatasi ngumu. Andika kama hivi:

Jina langu ni .................
Kijiji au mtaa wangu ni .................
Balozi wangu au mwenyekiti wangu ni .................
Ndugu wa kuarifiwa ni .................
Namba yake ya simu ni .................
Ugonjwa nilio nao na dawa ninazotumia .................

Tia karatasi katika mfuko wa nailoni isilowe. Iweke kwenye pochi, au ifunge katika pindo la khanga unaposafiri. Namba ya simu iliyo ndani ya simu tu haitoshi, kwa sababu simu huibiwa, huvunjika na huzima.

UKIMTAFUTA NDUGU YAKO

Ikiwa ndugu yako amekwenda Dar es Salaam na habari zake zimekatika, usianze kwa mganga wala kwa redio. Anza kituo cha polisi cha karibu na alikokuwa anakaa. Kisha nenda hospitali ya upande huo. Kwa Mbagala na Temeke yote, ni Hospitali ya Temeke. Kwa Kinondoni, ni Mwananyamala. Kwa Ilala, ni Amana. Kisha Muhimbili na MOI, kwa maana walioumia sana hupelekwa huko. Na kama unasikia kwamba wanajeshi ndio waliomchukua, uliza pia Hospitali Kuu ya Jeshi ya Lugalo, iliyoko upande wa Kinondoni. Ni hospitali ya jeshi, lakini raia nao hutibiwa hapo.

Ukifika, usiulize jina tu. Sema: "Ninamtafuta mwanamume wa miaka kama 40, ana kovu goti la kushoto, alivaa shati la kijani." Uliza kama wapo wagonjwa wasiojulikana. Omba kuonyeshwa. Uende na mtu anayemfahamu vizuri, na picha kama ipo. Mwisho kabisa, kama hayumo wodini, itabidi uulize chumba cha maiti. Ni kazi nzito. Usiende peke yako.

Ukimkuta yu hai katika chumba cha wagonjwa mahututi, utaona mipira mingi. Usiogope. Mmoja umepita puani kupeleka chakula tumboni. Mwingine unatoa mkojo. Mwingine labda unamsaidia kupumua. Utaona wauguzi wanamgeuza kila baada ya saa 2 hivi, leo ubavu huu, kisha ule. Hawamsumbui. Asipogeuzwa, ngozi yake itaoza kwa kulalia upande mmoja. Baadaye wanaweza kukufundisha na wewe namna ya kumgeuza.

Zungumza naye. Mtaje kwa jina lake. Mwambie habari za nyumbani, nani amejifungua, mvua imenyesha namna gani, mbuzi wangapi. Wapo wagonjwa walioamka wakasema walikuwa wanasikia. Kwa hiyo pia usiseme mbele yake maneno ya mazishi au ya kugawana mali.

Kisha nenda kwa muuguzi, umwombe afungue daftari. Palipoandikwa "Hajulikani" paandikwe jina. Ukiweza, litaje herufi kwa herufi, na utazame linavyoandikwa, lisije likakosewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu aliyerushwa na mlipuko anaweza kuwa mahututi bila kuwa na jeraha?
2. Mgonjwa amepata maksi 2 za macho, 1 ya maneno na 3 za mwendo. Jumla ni ngapi? Je, hali yake ni nzuri kuliko ile ya mgonjwa wa kwanza katika somo?
3. Katika kijiji chenu, mtu akianguka leo na kupoteza fahamu, mtambeba kwa kitu gani? Kiko kwa nani?
4. Kila mmoja ataje majirani watano kwa majina yao kamili. Nani ameweza?
5. Andika karatasi yako ya mfukoni. Mpe mwenzako aisome kwa sauti. Kama hakuweza kusoma namba ya simu, iandike upya.